Daraja la karafuu lina wastani?

Kwenye kituo cha ununuzi wa karafuu Pemba, mkaguzi hutia mkono guniani, hutoa konzi, huvunja punje moja kuona kama imekauka, huangalia makonyo, yaani vikonyo vya karafuu vilivyochanganyika humo. Halafu hutaja daraja: la kwanza, la pili au la tatu. Gunia hupanda mizani. Daftarini zimeingia namba mbili, na hapo wanafunzi wetu wa takwimu hukwama. Kilo 40 ni mara mbili ya kilo 20. Daraja la pili si mara mbili ya kitu chochote.

Mwaka 1946 mwanasaikolojia wa Marekani, S. S. Stevens, aligawa vipimo mafungu manne: vya majina, vya daraja (kama la karafuu), vya nafasi sawa na vya uwiano (kama kilo). Msimbo wa mkoa kwenye sensa, 54 kwa Kaskazini Pemba na 55 kwa Kusini, ni jina tu. Fungu la tatu ndilo gumu, na sisi Waswahili mfano wake tunao mkononi: saa. Kutoka saa mbili hadi saa nne asubuhi ni masaa mawili. Mzungu akihesabu kutoka nane yake hadi kumi, hupata mawili yale yale. Lakini nne ni mara mbili ya mbili, na kumi si mara mbili ya nane. Sifuri wameiweka watu, basi tofauti husimama na uwiano huanguka.

Wafuasi wa Stevens hukataza wastani wa daraja. Ukiandika "daraja 1.7", umechukulia kwamba pengo kati ya daraja la kwanza na la pili ni sawa na lile la kati ya la pili na la tatu. Nani kalipima?

Frederic Lord, mtaalamu wa vipimo vya kisaikolojia wa Marekani, aliwajibu mwaka 1953 kwa mfano wa namba za jezi: namba hazijui zilikotoka. Hoja nzito hiyo. Wachezaji wakilalamika kuwa wamegaiwa namba ndogo kuliko wenzao, wastani huamua shauri lao, ingawa jezi ni majina matupu.

Nakubaliana naye kwamba swali tunalotaka kujibu ndilo litangulie, na kwa dodoso la maswali kumi ambalo alama za majibu yake hujumlishwa sioni ubaya wa wastani. Kwenye karafuu nakataa. Mkulima anayeuliza kwa nini kapata pungufu msimu huu anataka kujua magunia mangapi yameshushwa daraja, na 1.7 imemficha hilo.