Sikuvua Nguo Taveta, Nilivuliwa na Cheni

Leo nimeamshwa na ujumbe wa ami yangu wa Lamu, mtu ambaye hata Idi hanipigii: "Mwanangu, u mzima? Nasikia umevua nguo sokoni." Nikajua yule sahibu yangu ameshatangulia. Haya, nami niseme yangu kabla habari haijavuka Unguja.

Mnaonijua mwajua kilima kirefu nilichowahi kupanda kwa baiskeli ni daraja la Nyali, na hata hapo husimama katikati nikajifanya naangalia bahari. Mtu kama huyo alifuata nini Ziwa Chala? Picha. Sahibu alinionyesha maji ya kijani-buluu yametulia ndani ya shimo la volkano, Kilimanjaro imesimama nyuma, nami nikaishiwa akili. Ijumaa tukafunga baiskeli juu ya matatu, Voi, Mwatate, Maktau, mpaka Taveta. Dada yake alitufungia mahamri ndani ya leso (kanga) yake, akasema neno moja tu: "Leso yangu irudi." Ikumbukeni hiyo leso.

Safari ya kwenda ziwani sitaisimulia. Niliisukuma baiskeli kuliko nilivyoipanda, na mtoto wa kama miaka minane aliyejitwika ndizi alinipita akaniambia, "Shikamoo babu." Nina miaka 34.

Lakini Chala ni Chala, wallahi. Wafika ukingoni waona ziwa liko chini huko, kuta za shimo zimelizunguka pande zote. Maji yake mengi hupita chini ya ardhi kutoka upande wa Kilimanjaro, na mpaka wa Kenya na Tanzania umekata katikati ya ziwa. Kuogelea hatukuthubutu: mwaka 2002 kuna mgeni aliuawa na mamba mle. Tukasema tushuke kwa miguu, tunawe uso tu, tupande.

Kushuka nilishuka. Sehemu kubwa kwa makalio. Kokoto ziliteleza, nikakaa, nikaendelea kwenda nikiwa nimekaa. Kaptura yangu ya kubana, ile ya waendesha baiskeli yenye sponji nyuma, niliyoinunua mitumba Kongowea, ikapasuka mshono wote. Sponji ilibaki kwenye mti wa miba. Nadhani iko hapo mpaka sasa, ikiangalia ziwa.

Basi mahamri yakaliwa, leso nikajifunga. Na leso mwazijua, zina maneno. Hii iliandikwa UKIONA VYAELEA VIMEUNDWA. Na yale maandishi yakaangukia pale pale mnapopafikiria.

Tatizo ni kwamba ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya soko Taveta. Mji mzima ndizi, nyanya, magunia, watu wa pande zote mbili za mpaka. Nikaingia sokoni mdogo mdogo, uso mkavu, kama mtu aliyevaa hivyo kwa hiari yake.

Mwanzo nilihisi kitu kinanivuta upande wa kulia, polepole, kwa adabu. Nikasema upepo. Nikakanyaga pedali. Pindo likaingia kwenye cheni shibiri moja. Nikakanyaga tena, shibiri ya pili. Mama mmoja wa ndizi akaita, "Kaka, nguo!" Nami nikampungia mkono, nikidhani amenisifu. Nikakanyaga mara ya tatu. Fundo la kiunoni likafikiri kidogo, likafunguka.

Nikafunga breki. Nikadaka leso kwa mkono mmoja, baiskeli kwa mwingine, na hapo nikagundua kwamba siwezi kukimbia: mimi, leso na baiskeli tulikuwa kitu kimoja. Nikisogea mbele, yafunguka. Nikirudi nyuma, yazidi kumezwa. Mzee mmoja akashauri nizungushe pedali kinyumenyume. Nikazungusha. Kraa! Cheni ikakata kipande, ikabaki na VYAELEA VIMEUNDWA. Nyuma yangu, juu ya kaptura isiyokuwa na nyuma, likaning'inia neno moja tu: UKIONA.

Yule mama akalisoma kwa sauti. Kisha safu yote ya ndizi ikalisoma. Sahibu yangu, badala ya kunisitiri, alikuwa ameinua simu, ati aniambia, "Geuka kidogo, jua linakuja mbele." (Wewe unayeniandikia "Bwana Ukiona" kila nikiweka picha, nakuona.)

Mama wa ndizi akanifunika gunia, fundi akakata cheni, tukapanda matatu, nikafika Mombasa usiku. Basi.

Sasa dada mtu ataka leso yake, na leso haiuzwi moja, huuzwa pea. Tena ataka yenye maneno yale yale. Leo nimezunguka Biashara Street duka kwa duka. La nne wakawa nayo. Mwenye duka akaikunjua juu ya meza, akaniangalia, akaangalia simu yake, akaniangalia tena.

"Hii," akasema, "nikufungie, au utaivaa hapa hapa?"