Besi Iliyolazwa Kwenye Mchele

Yeyote anayepiga gita la besi mjini Moshi anajua kwamba masika hayanyeshei mahindi peke yake. Ubao wa shingo ya gita hunywa unyevu wa hewani ukatanuka, na kiangazi kikirudi huutoa ukasinyaa. Kwa hiyo shingo iliyokuwa sawasawa mwezi wa Februari, Aprili huweza kukutwa imepinda, na nyuzi zikagonga freti zisizohusika, yaani vile vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni.

Kwaya yetu iko upande wa Rau, ambako mvua haina aibu. Wiki ya kuelekea Pasaka, uzi mnene wa E, unaopaswa kunguruma kwa mitetemo 41 kila sekunde, ulianza kukoroma kwenye freti za mwanzo. Niliubana kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, nikachungulia uwazi uliobaki juu ya freti ya saba, ambapo kadi ya mwaliko hupita kwa kusuguasugua. Hapakuwa na uwazi wowote. Shingo ilikuwa imejipinda kwa nyuma. Dawa yake ni kulegeza chuma kirefu kilichomo ndani ya shingo, robo mzunguko tu, kisha kuliacha gita hadi kesho yake, kwa maana ubao haupokei amri kwa haraka. Nililegeza, nikaliweka gita stoo, nikaomba lisiguswe.

Katika maelezo yangu yote, Mama Mwenyekiti wa kwaya alisikia neno moja tu: unyevu. Simu yake iliwahi kutumbukia kwenye ndoo, ikafukiwa ndani ya mchele, na kwa ushuhuda wake mwenyewe ikafufuka. Jioni ile alililaza gita ndani ya mfuko wake, akalimwagia kilo tano za mchele wa Mabogini, ambao ulikuwa umenunuliwa sokoni Mbuyuni kwa ajili ya pilau ya sikukuu. Gita la besi lina urefu unaozidi mita moja, hivyo mchele ulitosha kufunika tumbo peke yake, na shingo, ambayo ndiyo iliyokuwa mgonjwa, ikabaki nje inapigwa na hewa ile ile.

“Mama Mwenyekiti, hiki ni nini?” nilimwuliza kesho yake.

“Ni matibabu, mwanangu. Wewe litoe taratibu, jikoni wanausubiri.”

Alilishika yeye mwenyewe, akaligeuza na kulikung’uta juu ya beseni hadi punje ya mwisho, kisha akaondoka na beseni lake kichwani.

Shingo ilikuwa imekaa vizuri kabisa. Uzi wa E, hata hivyo, sasa ulikoroma kwenye kila freti, kuanzia juu hadi chini, na uzi mmoja ukikoroma kila mahali wakati wenzake wametulia, wa kulaumiwa si shingo bali ni kitako chake, yaani kipande kidogo cha chuma ambacho uzi hukalia kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa tumboni mwa gita. Kitako hicho husimama juu ya skrubu mbili ndogo, ambazo mtetemo huzilegeza polepole. Changu kilikuwa kimebaki na moja, nacho kimelala ubavu. Nilikata njiti ya kiberiti, nikaipachika chini yake, na ibada ya Pasaka ikapigwa kwa njiti.

Skrubu nilijua iliko, na nilituma ujumbe jikoni mapema. Ila kuchambua mchele walikuwa wamepewa sauti ya kwanza, watu ambao macho yao husimama kazi mara mdomo unapoanza.

Tulikuwa katikati ya pilau Mzee wa kanisa alipoacha kutafuna. Alitoa kitu kinywani, akakifuta kwa leso, akakiinua kwenye mwanga.

“Mama Mwenyekiti, ng’ombe huyu alikuwa wa kuunganisha?”

Nilinyoosha mkono haraka. “Shikamoo Mzee, hiyo ni ya kitako cha uzi wa E.”

“Marahaba,” alisema, huku akiitia mfukoni na kupapasa shavu. “Utaipata. Tuanze kwanza na habari ya jino langu.”