Mieleka ni maigizo, sawa, ila Bret Hart aliibiwa kweli

Mwaka 1987 huko New Jersey polisi walisimamisha gari, ndani wamekaa wanamieleka Hacksaw Jim Duggan na Iron Sheik, na dawa za kulevya zikakutwa humo. Sasa kilichoiuma kampuni yao, WWF ya enzi hizo (ndo WWE ya leo), hakikuwa dawa peke yake. Hao wawili walikuwa kwenye bifu zito la kwenye tivii, mmoja mzalendo anapeperusha bendera ya Marekani, mwingine Muirani anayeitukana hiyo hiyo Marekani, watu wanatoa viingilio waone wakitoana roho, kumbe barabarani wanapeana lifti kama majirani. Wakatimuliwa wote wawili.

Naanzia hapo maana ukigusa tu habari za mieleka ya Marekani lazima atokee mtu aseme "hao si wanaigiza". Kwetu huyo mtu alikuwa kaka yangu. Tuko kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, Undertaker kalala kama maiti halafu ghafla anakaa kitako, ukumbi mzima tumeshika vichwa, yeye kule nyuma anatangaza kwamba mshindi alishapangwa tangu asubuhi. Siku moja alirushiwa maganda ya miwa. Na alikuwa sahihi bana! Wenye kampuni wenyewe walikiri mwaka 1989 mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba hii ni burudani, sio mashindano, kisa walitaka kukwepa masharti na makato ya kamisheni ya michezo. Yaani siri iliyolindwa miaka na miaka ikauzwa kwa kukimbia tozo.

Kwa hiyo hoja ya "tunadanganywa" mimi naiona imechoka. Tulikaa kwenye vibanda hivo hivo tukiangalia muvi na tulijua steringi hafi, hakuna aliyedai hela yake. Bongo huku wasanii wakirushiana maneno wiki moja kabla ya wimbo kutoka kila mtu anajua hiyo ni kiki na bado tunafuatilia, tena kwa bando letu. Na skripti yenyewe sio msahafu. Kuelekea WrestleMania 30, onyesho lao kubwa la mwaka, Aprili 2014, mpango haukuwa mwanamieleka Daniel Bryan awe mtu wa pambano la mwisho, alikuwa anaonekana mfupi, wa kawaida mno, lakini mashabiki wakagoma, wakawa wanazomea kila kilichowekwa mbele yao na kupiga kelele za "Yes! Yes!" mpaka kampuni ikabadilisha gia angani, na usiku ule New Orleans Bryan akatoka na ubingwa. Niambie ni ligi gani jukwaa linaweza kubadilisha matokeo kwa kuzomea.

Ila kuna upande wa pili, na hapo kaka na wabishi wenzake huwa hawafiki. Bifu la kupangwa linanoga zaidi likiwa na chuki ya kweli chini yake, na promota anaijua hiyo. Chukua Montreal, tarehe 9 Novemba 1997. Bret Hart ni bingwa, ni Mkanada, yuko nyumbani, anapigana na Shawn Michaels ambaye nje ya ulingo hawapatani kweli kweli. Bret alikuwa na mkataba wa miaka 20, bosi Vince McMahon akamwambia hela hakuna, tafuta kwingine, akasaini kwa kampuni pinzani ya mieleka, WCW. Bret akakataa kupoteza mkanda mbele ya Wakanada wenzake, akakubali kuuachia baadaye, na mkataba ulimpa sauti kwenye mambo yake ya mwisho pale. Wakaelewana pambano livurugike liishe bila mshindi.

Halafu Shawn akamkunja miguu kwa Sharpshooter, yaani mkunjo wa Bret mwenyewe, Vince kasimama pembeni ya ulingo anaamuru kengele ipigwe, refa Earl Hebner anaashiria imekwisha, na Bret hajasalimu amri hata kidogo. Mkanda ukaenda kwa Shawn. Iangalie ile video: sekunde chache za kwanza anashangaa tu, kisha anainuka, anamtemea Vince mate usoni. Chumba cha kubadilishia nguo akamtandika ngumi, na hiyo haikuwa kwenye skripti ya mtu yeyote.

Vince naye alikuwa na la kusema, tusimwonee. Mwaka 1995 mwanamieleka Madusa alihamia WCW na mkanda wa wanawake wa WWF akautupa kwenye pipa la taka laivu kwenye tivii, sasa bosi gani atalala usingizi bingwa wake akiwa njiani kwenda huko huko? Biashara ni biashara, naelewa. Lakini ukishakaa na mtu mkapanga uongo pamoja, huo uongo ndo mkataba wenu, ukimgeuka hapo hujamdanganya mtazamaji, umemdanganya mwenzako aliyekukabidhi shingo yake. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba ililipa! Kutoka kwenye ule usaliti akazaliwa "Mr. McMahon", Vince mwenyewe akiigiza bosi katili, akawekewa bifu na mwanamieleka Stone Cold Steve Austin, na 2001 WWF ikainunua WCW yenyewe.

Bret huko WCW alikokwenda alikutana na teke la mpiganaji mwenzake Goldberg, Desemba 1999. Pambano la kupangwa, teke la kupangwa, ila lilimfika kichwani kweli, ubongo ukatikisika na mwaka uliofuata akalazimika kustaafu. Mwenye kusema "wanaigiza" amwambie Bret.

Tarehe 4 Januari 2010 akarudi WWE, akaitwa Shawn, wakasimama katikati ya ulingo wakaongea yale ya Montreal, wakapeana mikono. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kochi nasubiri Shawn amtandike teke la kidevu, maana mwandishi yeyote wa skripti angelitaka hilo teke. Wakakumbatiana. Nikamtumia kaka meseji, hajaijibu mpaka leo.