Tusiwalaumu watu wa majuu, tuilaumu barabara

Sisi Wakenya tulio ughaibuni tuna lalamiko moja lisilozeeka: huku watu ni baridi, mwaka unaisha na hujasalimiwa njiani. Naona tunaulaumu moyo wa mtu kwa kosa la barabara.

Chukua Githurai 45, nje kidogo ya Nairobi, asubuhi na mapema. Matatu ya abiria 14 haiondoki stejini kabla haijajaa, kwa hiyo wanaofika dakika zile zile kila siku hujikuta gari moja, na kila mtu ana kiti anachokikimbilia. Nauli ya aliye nyuma hupita mkono kwa mkono hadi kwa makanga, na chenji hurudi kwa njia iyo hiyo. Nauli ikiwa 50 na wawili wametoa mia mia, makanga huwapa noti moja ya 100: "Mtagawana." Hapo watu wasiojuana wana deni la pamoja mpaka mmoja apate sarafu. Roysambu, Allsops, Muthaiga, Pangani: unajua nani atashuka wapi kabla hajagonga bodi, ingawa jina lake hulijui.

Mpangilio huu huvunjika kwa urahisi. Ukichelewa dakika kumi tu, umeingia kwenye kundi jingine kabisa. Mvua ikinyesha nauli hupanda na watu hupanda chochote kinachosonga. Dereva akikwepa jamu kwa njia za panya, wanaongoja mbele huachwa.

Mwaka 1972 mwanasaikolojia wa Marekani, Stanley Milgram, aliandika kuhusu wasafiri wa treni wanaojuana kwa sura tu. Picha za abiria zilipigwa kituoni, kisha abiria wenyewe wakaulizwa wanamtambua nani. Kwa wastani kila mmoja alitambua watu wanne ambao hajawahi kuongea nao. Hao ni Wamarekani wale wale tunaowaita baridi. Walikuwa tu na jukwaa la treni la kusimama pamoja.

Kwenye barabara kuu za huko, kila mtu yuko peke yake nyuma ya kioo, na unachozoea ni taa za nyuma na namba za gari. Lakini tazama kaskazini mwa Virginia, kwenye barabara ya 95 na 395 ziingiazo Washington. Gari lenye watu watatu hupita bure njia ya haraka. Lenye wachache hulipia. Kwa sababu hiyo wanaotafuta lifti hupanga foleni kwenye maegesho, dereva husogea, hutaja anakokwenda, na wawili wa mbele huingia. Hakuna kulipa, hakuna kula garini, na abiria haanzishi mazungumzo. Dereva ndiye mwenye neno la kwanza. Mwanamke haachwi peke yake kwenye foleni. Kosa la kawaida ni la dereva: asipogeuza swichi ya kifaa cha malipo ya barabara kionyeshe watu watatu, atatozwa kama aliye peke yake. Watu hao wamezoeana miaka mingi bila kuulizana majina, na kwangu huo ni ujirani kamili.

Kwa hiyo anayeishi huku na kuumia kwa upweke, aache gari siku anazoweza. Apande treni au basi la saa moja asubuhi, asimame mlango mmoja, mwezi mzima bila kubadilisha. Nyuso zitajitokeza.

Nyumbani nako nina hofu. Barabara ya ghorofa ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022. Aliye juu hufika mapema, sikatai. Lakini yule kijana wa njugu karibu na uwanja wa Nyayo, anayejua nani hununua Ijumaa pekee, yuko chini. Mgeni anayetaka kuijua Nairobi apite chini, akae dirishani upande wa kushoto, ambako steji zote ziko.