Eti dakika 20

Jamani, hawa wanaoandika mapishi ya "dakika 20" saa yao wanaianzia wapi? Maana ukisoma orodha ya mahitaji tu, kitunguu kimeshamenywa na kukatwa, karoti imeshakwaruzwa, kitunguu saumu kimeshatwangwa, na maharage "yaliyochemshwa" yamekaa kwenye bakuli yanakusubiri. Kachemsha nani? Maharage makavu, hata ukiyaloweka usiku kucha, yanataka kama saa nzima jikoni. Halafu unaambiwa kaanga vitunguu dakika 5 mpaka viwe rangi ya kahawia. Dakika 5 ni za kulainika tu! Kahawia ile ya kweli, yenye utamu, kwa moto mdogo, hufika hata dakika 40. Ongeza moto uone kama hujala mkaa.

Na huo "unafuu" wa bei wanaotuahidi! Wanapiga hesabu ya nusu kijiko cha kiungo ambacho dukani kinauzwa chupa nzima. Chupa iliyobaki alipe nani?

Masufuria ya kuosha hayatajwi kabisa. Mtu umetoka kazini umechoka, watoto wanauliza chakula kiko wapi. Andikeni tu ukweli, saa moja na robo, tujipange.