Nobu za kamera za filamu: tunacholilia si ujana

Mtu akisema tu kwamba anazimisi zile nobu na pete za kamera za filamu, jibu linakuja mbio, eti wewe unalilia ujana wako, kamera za siku hizi zinafanya yote yale na zaidi. Hiyo sehemu ya pili sina ugomvi nayo, nitaifikia. Ile ya kwanza ndo inanikera, kwa sababu inachukulia kwamba nobu zile zilikuwa pambo.

Chukua Nikon FM2 ya mwaka 1982. Juu upande wa kulia kuna nobu ya spidi ya shata (muda ambao pazia la kuingiza mwanga linakaa wazi), imechongwa namba kuanzia sekunde 1 mpaka 1/4000. Kwenye lenzi kuna pete ya apacha (tundu la kupitisha mwanga, namba ikikua tundu linapungua), na pete ya fokasi. ISO, yaani wepesi wa filamu kuhisi mwanga, unaipanga kwa kuinyanyua ile pete ya nje ya nobu ya spidi, ukishamaliza huigusi tena mpaka filamu iishe. Kila kitu kina mahali pake na hakuna pete inayobadilika kazi kutegemea umebonyeza nini kabla. Unaitoa kwenye begi ikiwa imezimwa, hata betri ikiwa imekufa (betri ni ya kipima mwanga tu, shata yenyewe ni mitambo mitupu), unaitupia jicho kwa juu na tayari unajua picha inayokuja itapigwa na nini. Halafu kuna kule kuhesabu kwa kidole, apacha kutoka 5.6 kwenda 8 umepunguza mwanga nusu, spidi kutoka 1/250 kurudi 1/125 umeurudisha, na yote hayo jicho halijatoka kwenye kidirisha. Ile pembetatu ya mwanga, yaani spidi, apacha na ISO, ambayo watu wanachorewa leo kwenye video za mafunzo, zamani ilikuwa imechongwa kwenye chuma chenyewe, ukiishika umeshaanza kujifunza.

Sasa dijitali inalaumiwa bure hapa, na hili wengi hawalisemi. Aliyeua nobu si sensa, kile kipande cha kielektroniki kilichochukua nafasi ya filamu. Minolta 7000 ya 1985 ilishakuja na vitufe na kaskrini kadogo juu, Canon T90 ya 1986 ikaleta gurudumu moja chini ya kidole cha kufyatulia, na 1987 Canon wakaanza EOS na lenzi ambazo pete ya apacha haipo kabisa, amri zote zinapita kwenye waya. Hizo zote zilikuwa kamera za filamu! Waliozitengeneza hawakuwa wajinga pia. Gurudumu linakwenda kwa theluthi ya hatua ya mwanga, nobu nyingi za zamani zinaruka hatua nzima nzima. Gurudumu kidole kimoja kinatosha. Na kuna sababu moja kubwa ambayo wapenzi wa nobu huwa tunairuka: kamera yenye gurudumu inaweza kukumbuka. Mpiga picha wa harusi anahifadhi mpangilio wa ukumbini na mpangilio wa nje juani, akitoka mlangoni anageuza C1 kwenda C2 (namba za mipangilio aliyohifadhi) na spidi, ISO, fokasi, vyote vimebadilika kwa pamoja. Nobu iliyochongwa 1/60 haiwezi kujizungusha yenyewe ikaenda 1/1000, kwa hiyo ama kamera isikumbuke ama nobu iseme uongo. Ongeza na ISO, ambayo kwenye filamu ilikuwa imeganda kwa picha 36 na sasa inabadilika kila picha. Hesabu ya kidole ilikuwa rahisi kwa sababu kitu kimoja kati ya vitatu kilikuwa hakisogei.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu nobu ya spidi, nakubali, iende. Pete ya fokasi ndo siwezi kuisamehe.

Lenzi ya zamani ya milimita 35 ina mita zimeandikwa kwenye pete, chini yake kuna mistari ya kuonyesha kwa apacha hii ukali unaanzia wapi unaishia wapi. Weka apacha 8, fokasi mita 3, na kila kilichopo kuanzia kama mita 2 hivi mpaka 7 kitatoka vizuri. Hapo hufokasi tena, unatembea, unanyanyua, unapiga, hakuna mota ya kusubiri wala kiboksi cha kijani cha kukuambia fokasi imeshika. Pete ina mwanzo na mwisho, inagonga kabisa, kwa hiyo baada ya muda mkono unajua mita 3 iko wapi kama unavyopapasa swichi ya taa ya chumbani kwako gizani. Lenzi nyingi za leo pete ni kifaa tu cha kutuma ujumbe kwa mota. Haina mwisho, inazunguka mpaka kesho. Mbaya zaidi, nyingi ukizungusha haraka fokasi inakwenda mbali, ukizungusha taratibu inasogea kidogo, yaani mzunguko uleule wa kidole unakupa umbali tofauti kila mara, sasa mkono utajifunza nini? Ukizima na kuwasha, nyingine zimeshasahau ulipoziacha.

Wanaotetea pete za leo wana hoja, na si ndogo. Kamera ya leo inatafuta jicho la mtu anayekimbia na kulishika kwa namna ambayo vidole vyangu havitaweza kamwe, na wa video wanataka mota ya kimyakimya. Kampuni kadhaa zimeweka chaguo la kufanya pete iende kwa kipimo kimoja bila kujali haraka yako, na kuna lenzi chache, Olympus 12mm f/2 ni mojawapo, ambazo ukivuta pete nyuma zinatokea namba za mita. Tatizo chaguo lenyewe limefukiwa menyu ya ngapi sijui huko, na lenzi hizo ni chache kweli.

Kinachonichekesha ni hizi kamera zinazouzwa kwa sura ya zamani. Fujifilm na X100 ya 2011 walijitahidi, nobu yao ina herufi A, ukiitaka kamera iamue unaiweka A, basi, haidanganyi. Lakini angalia Nikon Zf ya 2023. Nobu ya spidi ipo, ya ISO ipo, nzuri kwelikweli, ila kuna kiswichi cha kuchagua modi, ukikiweka A (hapo wewe unachagua apacha, kamera inachagua spidi) ile nobu inabaki inasema 1/125 huku kamera inapiga na spidi yake nyingine. Na ile lenzi ya 40mm inayouzwa nayo, toleo la SE, imechorwa ifanane na lenzi za kale, lakini ina pete moja tu na haina hata namba moja, si ya apacha si ya mita. Wamerudisha kile ambacho tungeweza kuishi bila.

Kwa anayezimisi kweli, dawa ya karibu ni adapta na lenzi ya mkono ya zamani juu ya kamera yoyote ya dijitali isiyo na kioo cha ndani (zile zinazoitwa mirrorless). Mita zinarudi, mistari inarudi, ile kugonga mwisho inarudi. Utapoteza fokasi ya otomatiki yote, na faili mara nyingi halitarekodi apacha uliyotumia. Wa harusi na wa mpira wasijisumbue.