Udalali wa Nyumba: Nani Atoe?

Anayeuza nyumba Katubuka au Gungu, hapa Kigoma, mara nyingi humpata mnunuzi kwa mkono wa dalali, na ugomvi kuhusu malipo ya dalali huyo huzuka siku ya kuandikishana, fedha zikiwa zimekwisha kuhesabiwa na hakuna aliyewahi kusema wazi ni nani atakayetoa.

Hoja ya kumtwisha muuzaji ina uzito. Yeye ndiye aliyemtuma dalali, naye ndiye anayeondoka na fedha, ilhali mnunuzi bado anasubiriwa na ushuru wa stempu wa asilimia 1 na gharama za kuhamisha hati. Muuzaji hujibu kwamba naye ana kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, na kwamba aliyezungushwa kutwa nzima kutoka Mwanga hadi Ujiji akichagua nyumba ni mnunuzi, aliyehudumiwa alipe. Jibu hilo si la kupuuzwa. Hata hivyo, ikiwa udalali wa nyumba ya shilingi milioni 40 ni asilimia 5, yaani milioni 2, muuzaji mjanja hutaja 42 tangu mwanzo, na mnunuzi anayedhani amesamehewa huwa amelipa bila kujua.

Marekani walilifikisha suala hili mahakamani. Huko muuzaji ndiye aliyezoea kuwalipa madalali wa pande zote mbili, kwa kawaida asilimia 5 hadi 6 kwa jumla, mpaka Oktoba 2023, baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani, katika jimbo la Missouri, lilipoamua kwamba utaratibu huo ulikuwa njama ya kupandisha gharama. Machi 2024 chama cha kitaifa cha madalali kilikubali kulipa dola milioni 418, na tangu Agosti mwaka huo mnunuzi husaini mkataba unaotaja malipo ya dalali wake kabla ya kutembezwa. Wakosoaji wanasema mabadiliko hayo yanamwumiza anayenunua kwa mara ya kwanza, ambaye akiba yake yote imeishia kwenye malipo ya awali. Nadhani wana haki kwa kiasi fulani, ingawa muuzaji hajakatazwa kulipa akipenda.

Kwetu ningeazima mkataba ule wa maandishi tu, kwa sababu kinachotuumiza zaidi ni cha juu, yaani nyongeza ya siri anayoipachika dalali kwenye bei ya muuzaji. Mwenye nyumba anataka milioni 40, dalali anamtajia mnunuzi 45, wawili hao hawakutanishwi mpaka mwisho, kisha dalali anadai udalali kila upande. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka wakala atoe hesabu kwa aliyemtuma. Milioni 5 zilizofichwa haziingii katika hesabu hiyo. Kiwango na mlipaji vikiandikwa kabla ya nyumba kuonyeshwa, na bei ya muuzaji ikatajwa mbele ya mnunuzi, sioni ubaya hata kama mnunuzi ndiye atakayetoa. Lakini dalali aliyekwisha kula cha juu hastahili kumdai yeyote hata senti.